Waya, Sabuni na Kondensa

Gari la uraibu, yaani gari linalotunzwa kwa mapenzi kuliko kwa haja ya usafiri wa kila siku, aghalabu ni gari la umri mkubwa, na umri huo unaompa mwenyewe fahari ndio huo huo unaomsimamisha kando ya barabara mikono ikiwa imejaa grisi. Mjini Kisumu, na hasa upande wa Manyatta, ambako nyumba, vibanda na gereji zisizo na paa zimesongamana, magari ya namna hiyo hayajawa vitu vya maonyesho. Peugeot 504, Volkswagen ya mgongo wa kobe, Land Rover za bodi ya aluminiamu, Datsun 1200 na ile Toyota Corolla ambayo Wakenya wameizoea kwa jina la DX bado huamshwa Jumamosi asubuhi, yakapashwa moto, yakapelekwa Maseno, Kendu Bay au Kericho kwa sababu tu wenyewe wamependa. Kila mwenye gari hulijibu kwa namna yake swali la kitu gani kitiwe ndani ya buti kabla ya safari, na jibu linalosikika sana, kwamba kibebwe kila kitu, ndilo baya kuliko yote, kwa maana gari lililojazwa vyuma vya akiba hulemea nyuma, hukandamiza springi ambazo tayari zimechoka, na humfanya mwenyewe apekue nusu saa nzima akitafuta spana namba 13.

Jibu la maana hutokana na kujua mafundi wako wapi na wanaweza nini. Anayeishi Manyatta hana haja ya kubeba kitu ambacho fundi wa njiani anaweza kukifua, kukichomea au kukichonga. Anachohitaji ni kile ambacho hakuna nyundo iwezayo kukitengeneza, pamoja na vikorokoro vichache vya kulivusha gari katika pengo la barabara lililopo kati ya fundi mmoja na mwingine. Pengo hilo upande wa Kisian ni fupi sana, upande wa Ahero na Awasi ni la wastani, na katika mpando wa kwenda Kericho, ambako mashamba ya chai hayana gereji, linaweza kuwa refu kiasi cha kumlaza mtu njiani.

Peugeot 504 inafaa kuwa mfano wa kwanza. Gari hili lilizinduliwa Ufaransa mwaka 1968, likatangazwa Gari la Mwaka la Ulaya kwa mwaka 1969, na baadaye likawa linaunganishwa Mombasa katika kiwanda cha Associated Vehicle Assemblers, ambako sehemu zilizoletwa ndani ya makasha zilifungwa pamoja kuwa gari zima. Lile la mwili mrefu, lenye safu tatu za viti, liligeuzwa matatu ya masafa katika magharibi ya Kenya, likabeba abiria wengi kuliko mtengenezaji alivyokusudia, na kwa njia hiyo kizazi kizima cha mafundi kikaisoma injini yake kama mtoto asomavyo alfabeti. Elimu hiyo bado ipo vichwani mwa wazee wa gereji. Kinachopungua ni vyuma vyenyewe, kwa kuwa kanuni ya Kenya inayokataza kuingizwa kwa gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka minane imefanya magari makuukuu yaliyopo yawe karibu yote ni yale yale yaliyokuwapo, na kila moja linalokufa huvuliwa viungo ili jingine liishi.

Mafundi hao ni sehemu ya kile ambacho Wakenya hukiita jua kali, jina lililotokana na kazi kufanywa nje bila kivuli, na ambacho wataalamu walikitambua rasmi baada ya ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani kutoa ripoti yake juu ya Kenya mwaka 1972, ripoti iliyolieneza ulimwenguni neno sekta isiyo rasmi. Uwezo wao ni mkubwa kuliko watu wengi wa mjini wanavyodhani. Rejeta iliyotoboka, yaani kile chombo cha mbele kinachopoza maji ya injini, hulehemiwa kwa risasi. Bomba la moshi huchomewa. Springi iliyolala hupashwa moto na kukunjwa upya. Bushi, ile pete ya mpira inayozuia vyuma viwili visigongane, huchongwa kutoka tairi lililokwisha.

Inafaa kumtazama fundi kwa karibu anapotengeneza gasketi, kipande chembamba kinachowekwa kati ya vyuma viwili ili mafuta au maji yasivuje. Hatafuti mkasi wala rula. Huchukua karatasi ngumu, ikikosekana huchana ubavu wa kasha la kadibodi, akailaza juu ya chuma chenyewe, kisha akaigongagonga kwa nyundo ndogo ya kichwa cha duara akifuata ukingo, taratibu, mpaka makali ya chuma yaikate karatasi kutoka chini. Tundu la bolti hulitoboa kwa kuweka gololi ya beringi juu yake na kuigonga mara moja. Mwishoni huipaka grisi kwa kidole gumba, akaifunga, na kazi iliyoanza chai ikimiminwa huisha kabla kikombe hakijapoa. Kubeba gasketi za duka kutoka Manyatta, isipokuwa ile ya kichwa cha injini ambayo hubanwa na moto na mgandamizo mkali mno kwa kadibodi, ni kujaza buti bure.

Kwa upande wa pili kuna kondensa. Katika magari yaliyotengenezwa kabla ya umeme wa kisasa kuingia katika injini, cheche inayowasha petroli hutokana na koili, waya mwingi uliozungushwa ndani ya kopo, ambao hupokea volti 12 za betri na kutoa maelfu ya volti pale tu umeme unapokatwa ghafla. Mkataji ni pointi, vipande viwili vya chuma vinavyofunguka na kufunga ndani ya distribyuta, na upana wake vinapofunguka huwa yapata milimita 0.4. Kondensa, kikopo kisichozidi ukubwa wa kiungo cha kidole, kazi yake ni kuumeza umeme unaotaka kuruka kati ya pointi hizo, ili ukatikaji uwe wa ghafla kweli na pointi zisiungue. Inapokufa, na hufa hasa kwa joto, injini hukohoa, hupiga mlio kama wa bunduki katika bomba la moshi, kisha hunyamaza. Hakuna fundi duniani anayeweza kuifungua na kuitibu. Uzito wake, hata hivyo, haufiki ule wa yai, na kwa hiyo mtu anayeiacha nyumbani huku akibeba jeki mbili hana wa kumlaumu.

Hapa ndipo ubunifu wa barabarani huonyesha maarifa yake. Kondensa ya gari jingine lolote la mfumo wa pointi, hata kama umbo lake halilingani na lile la asili, inaweza kufungwa nje ya distribyuta, waya wake ukaunganishwa na ule unaoingia kwenye pointi na kopo lake likabanwa kwa bolti kwenye chuma cha injini, na gari likaenda kwa sababu umeme haujali kopo limekaa wapi. Pointi zilizoungua husuguliwa kwa msasa mwembamba, au kwa ubavu wa kibiriti pale ambapo msasa haupo, na nafasi yake ikapimwa kwa ukingo wa kadi ngumu, ambayo hukaribia kipimo kinachotakiwa. Huu si ubahatishaji. Anayefanya hivi anajua chombo kinafanya kazi gani, na kwa kuwa anajua, anaweza kukipatia mbadala.

Petroli nayo ina visa vyake, na uwanda wa Kano una mchango katika hivyo. Jua la mchana kati ya Kisumu na Ahero, likiongezewa na joto la injini inayokwenda polepole nyuma ya trekta la miwa, huweza kuichemsha petroli ndani ya bomba kabla haijafika kwenye kabureta, chombo kinachochanganya petroli na hewa, na pampu ikawa inavuta mvuke badala ya mafuta. Dawa ni kitambaa kilicholowa maji kuzungushwa kwenye pampu na bomba, na subira ya robo saa. Wako madereva wanaobana vibanio vya nguo vya mti kwenye bomba hilo wakiamini kwamba hulipoza. Pengine kinachopoza ni ule muda wanaoutumia kuvipanga. Tangi linalodondosha petroli, kwa upande mwingine, lina tiba ya kweli iliyo nyepesi kuliko zote, yaani sabuni ya kipande ikasuguliwa kavu kwenye ufa mpaka uzibe, kwani sabuni huyeyuka katika maji na haiyeyuki katika petroli. Kipande kimoja hutosha, na kikifika salama bila kutumika humsaidia mwenyewe kunawa.

Pampu yenyewe, ile ya zamani inayosukumwa na injini, ina ngozi nyembamba ndani yake ambayo ikichanika petroli haipandi. Mtu mwenye haraka hukata ngozi nyingine kutoka tyubu ya tairi, akashangilia, kisha gari likasimama tena saa chache baadaye, kwa kuwa mpira wa tyubu umekusudiwa kushika hewa, na ukiguswa na petroli hufura na kulegea. Ngozi halisi, basi, iwe ndani ya buti. Kuna pia mbinu ya kufunga chupa ya petroli juu ya boneti na kuishusha kwa mpira hadi kwenye kabureta, mbinu ambayo wengi wameitumia na kufika, na ambayo haifai kusifiwa, maana chupa hiyo ikipasuka juu ya injini ya moto hakutakuwa na gari wala uraibu.

Maji ya injini yanahitaji kuelezwa kwa kirefu zaidi, kwa sababu ndiyo yanayowadanganya hata wazoefu. Mfuniko wa rejeta una springi inayoubana mvuke, na shinikizo likipanda ndani maji huchelewa kuchemka. Mpira wa maji ukianza kuvuja, fundi wa njiani huuzungushia ukanda uliokatwa kutoka tyubu kuukuu, akiuvuta kwa nguvu na kuupandisha juu ya wenyewe kama bendeji, akaufunga kwa waya, kisha akamshauri dereva aulegeze mfuniko nusu ili shinikizo lisiufumue ukanda. Ushauri huo ni sahihi Kisumu, ambako ziwa liko takribani mita 1,130 juu ya usawa wa bahari na maji yasiyobanwa huchemka karibu na nyuzi 96. Gari likianza kupanda kuelekea Kericho, takribani mita 2,000, maji hayo hayo huchemka kwenye nyuzi 93 hivi, na hilo hutokea wakati ule ule ambapo injini inafanya kazi ngumu zaidi na hewa ya kuipoza ni nyepesi zaidi. Dereva aliyefika Ahero bila tatizo hujikuta anafuka mvuke milimani na kumlaani fundi ambaye hakukosea, ila hakuulizwa safari inaelekea wapi.

Yai bichi linalovunjwa ndani ya rejeta ili liive na kuziba tundu ni mbinu inayojulikana mbali na Kenya pia. Huziba kweli, lakini haichagui, na mifereji myembamba iliyokuwa mizima huzibwa pamoja na ile mibovu. Njia iliyo bora ni kuukunja na kuubana kwa koleo mfereji mmoja uliotoboka, kisha kuendelea na iliyobaki. Tena ni lazima injini iachwe ipoe kwanza, kwa kuwa mfuniko unaofunguliwa kwa moto huyageuza maji mvuke papo hapo na kuyarusha usoni mwa aliyeufungua.

Akiba haiozi, wasema Waswahili, lakini spea za mpira huoza. Mkanda wa feni uliokaa miaka sita ndani ya buti lenye joto hupasuka siku ya kwanza ya kufungwa, na kwa hiyo mafundi makini humshauri mwenye gari anunue mkanda mpya, aufunge mara moja, na aubebe ule wa zamani ambao jana ulikuwa unafanya kazi, kwa sababu umekwisha kuthibitisha kwamba unatosha. Katika Peugeot au Datsun, mkanda ukikatika, kamba ya nailoni iliyofungwa vizuri inaweza kuzungusha pampu ya maji kwa kilomita chache za mwendo wa pole. Katika Volkswagen ya injini ya nyuma hali ni tofauti kabisa: injini hiyo haina maji, hupozwa kwa hewa inayosukumwa na feni, na feni hiyo huzungushwa na mkanda ule ule unaozungusha dainamo. Taa nyekundu ya chaji ikiwaka safarini, mwenye Volkswagen hana hata kilomita moja ya kufikiri, azime.

Land Rover za miaka ya nyuma zina kisa kinachowafurahisha wanaopenda ufundi. Shafti ya nyuma, chuma kirefu kinachopeleka nguvu kwenye gurudumu, hukatika mara kwa mara, lakini gurudumu lenyewe limeshikwa na beringi zake na halitegemei shafti ili libaki mahali pake. Bolti sita hufunguliwa, vipande vilivyovunjika huvutwa nje, gari likatiwa katika hali ya magurudumu manne, nalo likarudi nyumbani likivutwa na miguu ya mbele, bila jeki kugusa ardhi.

Wakenya wana historia ndefu ya kuvunja na kuunga magari hadharani, nayo ni mashindano ya Safari yaliyoanza mwaka 1953. Mwaka 1963, katika magari 84 yaliyoanza, 7 tu ndiyo yaliyomaliza. Mwaka 1968 yakaanza 93 na yakamaliza tena 7, na miaka yote miwili washindi walikuwa Nick Nowicki na Paddy Cliff katika Peugeot 404. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alishinda mwaka 1965 pamoja na nduguye Jaswant katika Volvo PV544 ambayo haikuwa mpya, kisha akashinda tena mwaka 1974 na 1976. Mashujaa hao walikuwa na magari ya huduma yaliyowasubiri mbele, na hesabu yao ilikuwa ni kulifikisha gari kutoka kituo hadi kituo. Mwenye 504 anayetoka Manyatta kwenda Kericho anafanya hesabu ile ile, isipokuwa kwamba vituo vyake havikupangwa na mtu. Ni vibanda vya mafundi vilivyoota vyenyewe kila penye njia panda na kivuli cha mwembe.

Ubunifu, hata hivyo, una mpaka, na mpaka huo ni breki, usukani na tairi. Bomba la breki lililopasuka huweza kukunjwa na kupondwa ili magurudumu mengine yabaki na breki, na wapo wanaosimulia jambo hilo kwa majivuno. Linafaa kwa kulisogeza gari kwa mwendo wa miguu hadi kwa fundi, si kwa kuteremka mlima. Maji ya sabuni ndani ya breki badala ya mafuta yake ni balaa, maana huchemka dereva anapokanyaga sana, na kanyagio likazama hadi chini. Fyuzi iliyoungua nayo haifai kubadilishwa kwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, kwa kuwa fyuzi imewekwa iungue ili waya usiungue, na fyuzi tano za kubeba hazijazi hata kiganja.

Gari lililokufa njiani lina wajibu pia kwa wengine. Pembetatu za kuakisi mwanga zinatakiwa kuwamo katika kila gari, lakini Mwafrika Mashariki yeyote husoma kwa haraka zaidi lugha ya matawi mabichi yaliyolazwa barabarani hatua kadhaa kabla ya gari bovu. Ni desturi nzuri. Desturi mbaya ni ile ya mawe yanayowekwa chini ya magurudumu ili gari lisiteleze, ambayo huachwa hapo hapo katikati ya lami injini inapowaka na furaha kumpanda mtu kichwani. Usiku unapoingia, jiwe hilo huwa hatari kuliko gari lililokuwa limesimama.

Simu ya mkononi nayo imebadilisha uzito wa buti. Zamani aliyevunjikiwa na kitu adimu alilazimika kupanda basi hadi Kirinyaga Road jijini Nairobi, barabara inayojulikana kwa maduka ya spea, akarudi siku ya pili au ya tatu. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, picha ya chuma kilichovunjika hutumwa jioni, pesa zikafuata, kifurushi kikapakiwa kwenye basi la usiku, na asubuhi mwenyewe akakipokea Kisumu. Vitu vinavyovunjika kwa taratibu na kutoa sauti kwanza, kama beringi, klachi na viungo vya usukani, vinaweza kungojewa kwa njia hiyo. Vile vinavyokata roho bila kuaga, yaani kondensa, pointi, koili, ngozi ya pampu, mkanda na mpira wa maji, haviwezi kungojewa, na vyote kwa pamoja huingia katika mkebe mmoja wa biskuti.

Kinachosahaulika zaidi ni safari inayofuata. Tengenezo la njiani likifanikiwa sana huwa na hatari yake, kwani mwenyewe hulizoea, wiki zikapita, waya ukala kutu, ukanda wa tyubu ukakauka, na kile kilichokuwa suluhisho kikawa ndicho kiini cha ubovu mpya mahali pabaya zaidi. Gereji nzuri ya Manyatta hujulikana kwa jambo hili: gari likirudi, kabla ya swali lolote juu ya injini, fundi hulala chini yake na kuuliza ni nini kilichofungwa barabarani. Huukata ukanda, huichomoa kondensa iliyoning'inizwa nje na kufunga mpya mahali pake, ile ya kuazima akairudisha kwenye mkebe, na waya ukiwa bado mzima huunyoosha kwa koleo, akauzungusha kiganjani, na kuuweka nao humo humo.